Bia Iliyokataa Kutakata

11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin

Nimepika leo. Nilianza kabla mume wangu Wilfried hajashuka kunywa kahawa yake, nikamaliza jioni nikiwa nanuka kimea mpaka kwenye nywele, mimi ambaye kazi yangu ni kuosha nywele za watu. Ni ile bia yetu ya rangi ya dhahabu, kali lakini inayopita kooni kwa adabu. Hopi, yale maua machungu yanayoipa bia ladha, ni za shamba la jirani, zilizovunwa Septemba. Sufuria ni ile ya shaba ya Baba. Hamira nayo ni ya Baba, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunichoma.

Baba, Omer Deprez, ndiye aliyeanzisha chama cha wapika bia wa majumbani hapa kijijini. Kila Sikukuu ya Mishumaa, tarehe mbili Februari, tunakutana ukumbi wa parokia. Taa zinazimwa, mshumaa mmoja unawashwa, na kila mpishi anamimina bia yake kwenye glasi. Nyuma ya glasi inawekwa kadi ya marehemu, zile kadi ndogo zinazogawiwa kanisani siku ya maziko. Jina likisomeka kupitia bia, umo kwenye mashindano, na ile inayong'aa kuliko zote ndiyo mshindi. Lisiposomeka, karudi ukale chapati zako za maji. Baba ndiye alikuwa mwamuzi miaka yote. Tangu afariki, mwamuzi ni rafiki yake Mzee Maurits, na kadi inayowekwa ni ya Baba mwenyewe.

Safari hii chama kinatimiza nusu karne. Bia itakayoshinda ndiyo itakayopikwa kwa ajili ya jubilei, na itaitwa Omer. Jina la Baba kwenye chupa.

Mimi ni kifungua mimba wake. Nataka iwe yangu.

Ila mdogo wangu Lutgart ameshinda Februari tatu mfululizo. Bia yake inatakata kama kioo cha dirisha lililooshwa Jumamosi. Na kwa nini isitakate? Ameachiwa nyumba ya Baba, na chini ya nyumba kuna ile stoo ya matofali, baridi kama kaburi kiangazi na masika. Mimi nimeachiwa sufuria na vikombe kumi na viwili vya udongo, vile vikubwa vya kijivu ambavyo Baba alinywea maisha yake yote. Vitatu nimepandia maua.

Hamira ilibidi niombe. Mwezi uliopita nilimeza mate ya aibu, nikavuka barabara, nikamwambia, "Lutgart, nigawie hamira ya Baba." Akasimama muda mrefu pale mlangoni. Kisha akaniletea chupa ya kachumbari yenye uji wa kijivu ndani yake. "Chukua, Dada. Ila ni mkorofi."

Mkorofi! Kwake haina ukorofi. Nina hakika amenipa machicha, nzuri akabaki nayo.

12 Novemba

Inachemka kwenye dumu lake la kioo pale jikoni, povu mpaka shingoni. Wilfried anasema inanguruma kuliko mimi.

25 Novemba

Povu limekwisha. Sasa ni kusubiri itulie, hamira ishuke chini, bia itakate juu. Nje mvua, hewa ya uvuguvugu.

28 Novemba

Tope.

3 Desemba

Marie-Jeanne alikuja kutengeneza nywele. Nilikuwa nimeshamfunga taulo shingoni, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia, lakini aliyeteswa ni mimi.

"Nimepita kwa Lutgart," akasema. "Kanionyesha bia yake. Ai, Lieve! Unaona mpaka upande wa pili! Nikamwambia, wewe una mkono wa baba yako."

"Kichwa nyuma," nikamwambia, nikafungua maji ya baridi.

Mkono wa baba yake. Nani alikuwa anakoroga sufuria na Baba wakati huyo Lutgart bado anabebwa? Mimi nilisimama juu ya kigoda nikikoroga mpaka mabega yanawaka moto, na Baba akisema, "Usilale, Lieve, kimea kitaungua." Leo mkono wa Baba uko kwa aliyekuwa anachora farasi chini ya meza.

Nina wivu. Haya, nimeandika. Karatasi haina mdomo.

6 Desemba, Mtakatifu Nikolasi

Biskuti za viungo, machungwa, mvua. Bia bado tope. Rangi yake kama maji yaliyooshewa mchele.

10 Desemba

Nimetia jelatini, kama watu wote wanavyosema. Unaikoroga kwenye maji ya moto, unaimimina juu, nayo inashuka na uchafu wote mpaka chini. Kesho kutwa nitaona.

12 Desemba

Sikuona. Kwa maana kwamba nilichungulia upande mmoja wa dumu sikuona upande wa pili.

17 Desemba

Leo nimetia unga wa vibofu vya samaki. Ndiyo dawa ya zamani, Baba aliwashauri watu hiyo hiyo. Wilfried alisimama mlangoni akiwa na mkate wake wa jibini.

"Sasa ni samaki?"

"Ni vibofu tu."

"Kesho tia viazi vya kukaanga tupate chakula kamili."

"Badala ya kunicheka ungenisaidia."

"Msaada upo hapo ng'ambo ya barabara, mke wangu. Stoo ya dada yako ina pembe nne, na anatumia moja tu. Muombe akuwekee dumu lako kule kwenye baridi, yaishe."

"Nikamuombe Lutgart?"

"Ndiyo. Dumu halina ugomvi naye."

Afadhali ninywe tope.

21 Desemba

Ningepata jalidi tu! Usiku mmoja wa barafu ya kweli, dumu likae uani, hamira igande ishuke. Lakini msimu huu mbingu zimekuwa za kifisadi. Mvua, upepo wa baharini, mvua. Kwenye bustani waridi la Wilfried limetoa ua, na ananiita nikalitazame kana kwamba ni habari njema.

25 Desemba

Chakula cha Krismasi kwa Lutgart, kama kila mwaka, mezani kwa Baba. Aliandaa sungura kwa plamu. Kizuri, naandika ukweli. Kisha akaleta bia yake kwenye glasi zenye miguu. Akamimina polepole, akaacha kile kimo cha kidole kimoja cha mwisho chupani pamoja na mashapo, kama inavyotakiwa. Mshumaa wa mezani ukaonekana ndani ya glasi, ule ule, bila kupinda. Wote wakasema "aaa".

"Shemeji, onja," akamwambia Wilfried.

Mume wangu, ambaye nimemfulia soksi miaka thelathini na sita, akaonja, akafumba macho, akasema, "Lutgart, hii ni nzuri sana."

"Yako inaendeleaje, Dada?" akaniuliza.

"Inakwenda vizuri."

"Imetakata?"

"Karibu."

Akanitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, kisha akainuka kwenda kuchukua kitindamlo. Nilijua alichotaka kusema. Alitaka kunihurumia. Bora angenipiga kofi.

Kuna jambo jingine. Ile bia niliinywa yote. Ni safi, ina ukavu mzuri, na haikunikumbusha chochote. Nikajiambia ni wivu umeniharibia ulimi.

1 Januari

Heri ya mwaka mpya. Tope.

4 Januari

Nimetia kwenye chupa hivyo hivyo. Lazima zipate muda wa kufanya gesi kabla ya Februari. Labda zitatakata humo humo. Nimebaki na matumaini na vizibo.

13 Januari

Lutgart kapigiwa simu kutoka mjini Gent: binti yake kashikwa na uchungu mapema. Amekuja mbio, koti amelivaa ndani nje.

"Dada, nishikie ufunguo. Umlishe paka. Sijui nitarudi lini."

"Nenda, nenda. Msalimie mtoto."

Ufunguo wa nyumba ya Baba, mkononi mwangu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

14 Januari

Nilimlisha paka. Kisha nikashuka stoo.

Nilikuwa nimebeba chupa zangu mbili ndani ya mfuko wa nywele bandia. Nilitaka kuziacha kwenye baridi ile siku chache, nione kama ni stoo ndiyo inayomfanya mdogo wangu aitwe fundi. Kule chini kunanuka vilevile: viazi, matofali mabichi, Baba. Nilikaa kwenye ngazi kwanza. Kisha nikazificha nyuma ya kreti la viazi.

Nilipogeuka nikaona kapu la takataka pale chini ya ngazi. Ndani yake, pakiti za hamira. Za dukani, kutoka mjini, zimechanwa, tupu. Nikaokota moja. Zilikuwa nyingi, mpya na za zamani.

Nilisoma maandishi yale mara mbili. Lutgart hapiki kwa hamira ya Baba! Bia ile ya glasi zenye miguu, ile ya "mkono wa baba yako", ni hamira ya pakiti ambayo hata mpita njia anaweza kununua. Na jina la Baba ndilo linakwenda kubandikwa juu yake!

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi mpaka paka akakimbia. Nikatia pakiti moja mfukoni mwa aproni yangu ya saluni, nikafunga mlango.

15 Januari

Mtoto wa kike, wote wazima. Lutgart anarudi kesho, mapema kuliko nilivyodhani. Na chupa zangu ziko nyuma ya viazi vyake!

16 Januari

Amerudi kabla sijaenda kuzichukua. Ufunguo nimerudisha. Chupa zimebaki kule.

20 Januari

Jalidi! Imekuja hatimaye, uani kote kweupe, na ndoo ya mvua imeganda. Nimezitoa chupa zote nje. Lakini nilikuwa nikiwaza zaidi pakiti kuliko chupa. Kila mteja anayemsifu Lutgart sasa namjibu kwa sauti tamu kabisa, "Ndiyo, ana bahati." Wananiona nimekuwa mtu mwema. Wilfried ameniangalia akasema, "Unatabasamu kama mwenye jino bovu. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Lieve, mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Usitafute kamba."

28 Januari

Nimefungua chupa moja ya uani na kuishika dirishani. Tope. Baridi ya kugandisha ndoo, na yenyewe haikutikisika. Sasa sijali. Ninayo pakiti.

2 Februari, Sikukuu ya Mishumaa

Nitaandika yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Ukumbi ulijaa. Moshi wa siagi, chapati za maji zikigeuzwa hewani upande wa jiko, kwa sababu wanasema hakuna nyumba maskini kiasi cha kushindwa kupasha kikaango siku hii. Wilfried alibeba kapu la chupa zangu wima, mkono wa pili ukiwa chini yake, kama anabeba mayai. Mimi nilikuwa nimechukua vile vikombe vya Baba, kwa sababu Mzee Maurits aliomba viwekwe mezani kwa heshima ya jubilei. Vile vya maua niliviosha.

Taa zikazimwa. Mzee Maurits akawasha mshumaa, akaiegemeza kadi ya Baba. Baba akatutazama kutoka kwenye picha ile aliyovaa tai aliyoichukia.

Glasi za watu wengine zilipita. Kwa mmoja jina lilisomeka nusu. Kisha Lutgart akamimina, polepole, akaacha kidole kimoja chupani. Mzee Maurits akainama.

"Omer Deprez," akasoma. "Alizaliwa... alifariki... pumzika kwa amani. Hata nukta naiona."

"Mzee, kadi hiyo unaijua kwa moyo!" mtu akapiga kelele. "Ungeisoma hata kupitia ukuta!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sasa zamu yangu. Nilimimina vizuri. Mzee Maurits akainama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Lieve, mwanangu," akasema. "Mshumaa nauona. Omer simwoni."

Walicheka tena, bila ubaya, kama wanavyomcheka kila mtu. Lakini mimi nilimwona Lutgart akiinamisha macho, ule mtazamo wa huruma wa Krismasi, na roho ikanipanda. Nikatoa pakiti mfukoni na kuitupa mezani, pale pale kwenye mwanga.

"Muulizeni mshindi hii ni nini! Imetoka kwenye kapu lake. Anapikia hamira ya dukani! Mnataka kuweka jina la Baba kwenye hiyo, wakati hamira ya Baba ameificha?"

Upande wa jiko kikaango kilishushwa. Lutgart alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Sijaficha," akasema. "Dada, wewe umepikia nini?"

"Machicha uliyonipa."

"Yale machicha ndiyo yenyewe. Ndiyo yote yaliyokuwepo. Nilihangaika nayo misimu minne, haikutakata hata siku moja. Stoo, jelatini, samaki, kila kitu. Nikaona aibu. Watu wote wanasema bia ya Baba ilikuwa kama kioo, na mimi nimeiharibu hamira yake. Nikaanza kununua pakiti, nikanyamaza. Ulipokuja kuomba nilikupa yote, sikubakiza. Nikasema labda wewe utaiweza. Wewe ndiye uliyekoroga naye."

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilisimama tu nayatazama.

Mzee Maurits alichukua glasi yangu, akanyoosha mkono, akavuta kikombe kimoja cha Baba, akalimimina lile tope humo ndani mpaka likapotea. Akanywa. Akashusha kikombe. Akanywa tena. Kisha akakaa chini bila kutafuta kiti kwanza, bahati Wilfried aliwahi kumsukumia kimoja.

"Haikuharibika," akasema. "Lutgart, hujaharibu chochote. Hii ndiyo bia ya Omer."

"Lakini ya Baba ilikuwa inatakata!" nikasema.

"Nani aliiona?"

Akagonga meza kwa kidole.

"Nauliza, nani aliiona? Nyumba ile mliwahi kukuta glasi? Miaka yote alikuwa mwamuzi, aliwahi kuleta chupa yake mezani hapa? Aliihangaikia maisha yake yote na haikumtii. Mapema tu akanunua vikombe vya udongo, akaniambia, Maurits, ukifungua mdomo nakufukuza chamani. Sasa amekufa, atanifukuza vipi?"

Kicheko kilianza nyuma kabisa, na kabla hakijafika kwetu watu walikuwa wamepanga foleni na vikombe vya Baba. Nilimimina chupa zote. Walikunywa bila kuona kitu. Mzee Maurits aliikodolea macho ile kadi mezani. "Kwenye mshumaa sikumwona," akasema, "humu nimemwona." Nami nikaonja, ile ladha ya mkate, karafuu, na kitu cha uchachu kidogo mwishoni, nikarudi juu ya kigoda, mabega yanawaka moto. Niliiweka bia ile dirishani miezi yote nikiitazama, na mara zote nilizoionja nilikuwa natafuta kasoro tu.

Lakini sheria ni sheria, na sheria aliiweka Baba mwenyewe. Jina lilisomeka kupitia bia ya Lutgart. Chupa za jubilei zitaandikwa Omer, na ndani itakuwa hamira ya pakiti. Walipiga kura, mikono ikainuka. Wangu niliuinua wa mwisho, lakini niliuinua.

Lutgart aliondoka bila kuniaga. Ana haki.

3 Februari

Mvua imerudi. Sikufungua saluni. Wilfried aliniwekea kahawa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Mchana mlango ukagongwa. Lutgart, mikono imejaa. Mkono mmoja, chupa zangu mbili. Mkono mwingine, chupa ya kachumbari kama ile ya kwanza, tupu, imeoshwa.

"Hizi nimezikuta nyuma ya viazi vyangu," akasema. "Tangu Januari. Nilifikiri utakuja kuzifuata."

"Zimetakata?"

"Hata."

Nilimwambia nisamehe, kwa maneno hayo hayo, bila kuyapamba. Akasema sawa, lakini alisema akiangalia sakafu, kwa hiyo bado. Itachukua muda.

"Baba alikuachia vikombe," akasema baadaye. "Mimi hamira, wewe vikombe. Nimewaza usiku kucha. Sijui alikuwa na maana, au aligawa tu ovyo."

"Aligawa ovyo. Unamjua."

"Namjua." Akaisogeza ile chupa tupu mezani. "Nirudishie kidogo, Dada. Safari hii sitaki kuionyesha mtu. Nataka kuinywa tu."

Nikaenda jikoni. Chini ya dumu palikuwa na uji ule wa kijivu, mwingi, unatosha watu wawili na zaidi. Nikaanza kumimina, na nikiwa namimina nikakumbuka jina la Baba kwenye chupa zake, na nyumba, na stoo, na makofi, na Wilfried alivyofumba macho. Ilikuwa nusu nilipoinua mkono.

"Inatosha?" nikamuuliza.

"Inatosha," akasema.

Nikatazama ile nusu. Nikaongeza kidogo. Sikujaza. Kisha nikamwekea kikombe kimoja cha udongo kwenye mfuko, kile chenye ufa.